Lundo la Yatima

Saa moja kasoro asubuhi lori la kwanza liliingia kinyumenyume kwenye banda la kuchambulia plastiki, likapiga honi mara mbili, likamwaga mzigo. Wachambuaji walikuwa kumi na tisa, kila mmoja na ndoo yake iliyopinduliwa ya kukalia. Mzee Ngumi alikalia ndoo ya rangi yenye ufa. Ndoo nzima zilikuwepo, ila hiyo ilishamzoea, na yeye alishauzoea ufa.

Jina la Ngumi hakulipata kwa ugomvi. Mtu huyu hajawahi kumpiga hata paka. Alilipata kwa kazi. Mletee pakiti yoyote, iwe ya biskuti, iwe ya sabuni ya unga, ataisogeza sikioni, ataifinya ndani ya ngumi, halafu atafungua vidole angoje. Ikinyamaza na kuvutika, ni mfuko laini, ina mnunuzi. Ikibaki donge kama ilivyofinywa, ni bati jembamba tupu, nayo ina mnunuzi. Lakini ikilia kwarakwara kisha ikajikunjua yenyewe kiganjani, kama mtu anayeamka usingizini, basi hiyo ni ya mchanganyiko: nje picha, katikati rangi ya fedha, ndani plastiki inayogusa chakula, na zote tatu zimegandishwa kwa gundi ambayo Mungu peke yake ndiye anajua inavyobanduka. Mashine ya kuyeyushia haiitaki. Tabaka moja linayeyuka mapema, la pili linaungua, la tatu linakaa tu linatazama wenzake. Hiyo haina mnunuzi. Inatupwa kwenye lundo la mwisho kule ukutani, ambalo wachambuaji wanaliita Yatima.

Yatima ndiyo ilikuwa kubwa kuliko malundo yote. Kila siku saa kumi alasiri waliisukumia kwenye shimo nyuma ya banda, wakaichoma. Nyuma ya shimo kuna ukuta, na nyuma ya ukuta, kwa kuwa mtu hujenga anapopata si anapopenda, kuna nyumba ya Ngumi, vyumba viwili. Chumba cha nyuma ndicho cha binti yake, mshonaji, mtoto wake pekee. Dirisha lake halikuwa na kioo, lilikuwa na gunia. Moshi haujui gunia. Binti alikuwa akisikia tu harufu anaanza kutoa pini mdomoni moja moja, maana siku moja kikohozi kilimkuta anazo na nusura ameze. Akishazitoa zote ndipo anakohoa. Anakohoa mpaka cherehani inasimama, mpaka mteja anasema, "Basi dada, nitapitia kesho."

Mkewe Ngumi, Mama Mshonaji, alichambua naye bandani, ndoo kwa ndoo, miaka ishirini na miwili. Siku hiyo ninayoisema, aliokota pakiti ya maziwa ya mtoto kwenye Yatima, akaigeuza, akapitisha ukucha wa kidole gumba pembeni. Ikabanduka. Akaweka picha huku, fedha kule, na ile nyembamba isiyo na rangi akaitandaza juu ya goti.

Ngumi alizichukua moja moja, akazifinya sikioni. Zote safi.

"Umefanyaje?"

"Kwa ukucha."

"Hebu nyingine."

Akabandua nyingine. Akabandua ya tatu, ya sabuni, ambayo gundi yake ni kali kama mama mkwe. Ngumi akajaribu na ukucha wake, ukavunjika.

"Wewe tulia na ngumi zako," mkewe akamwambia. "Haya ni mambo ya kucha. Na sikiliza, baba. Lisitoke nje ya sisi wawili. Nitabandua zangu polepole, za kutosha wasiwe na cha kuchoma. Mtoto apumzike kifua."

Ngumi akasema sawa. Na alikuwa na nia ya kweli ya kunyamaza, nisimsingizie. Lakini mwelewe. Miaka ishirini na miwili kila mchana anatazama nusu ya kazi yake inakwenda motoni, kama mvuvi anayerudisha samaki majini huku wenye njaa wanamtazama. Lile lundo lilikuwa linamtukana. Siku tatu alivumilia. Siku ya nne alichukua vipande vitatu vya pakiti moja, akavipiga pasi kwa pasi ya binti yake, chini ya kitambaa visije vikaungua, akavipeleka ofisini kwa msimamizi vimenyooka kama vyeti.

"Mke wangu anaweza," akasema.

Msimamizi alivipeleka dirishani penye mwanga. "Pakiti ngapi kwa siku?"

"Ukimwachia anaweza mia sita."

"Mwambie elfu," msimamizi akasema, akapiga simu.

Baada ya wiki mbili shimo halikuwashwa. Nyasi zikajaribu kuota pembeni mwake. Binti alishona magauni saba ya wasimamizi wa arusi bila kutoa pini mdomoni, na jioni alikula akamaliza sahani. Mama Mshonaji hakumgombeza mumewe kwa ule mdomo wake. Alimtazama tu binti anavyokula, akasema, "Haya, mmbea wangu, mara hii umbea wako umefaa."

Ilikuwa wiki hiyohiyo Mama Mshonaji alipoanza kupauka. Kwanza rangi ya midomo, halafu weusi wa nywele, halafu ile alama ya kuzaliwa shavuni. Alikuwa kama pakiti iliyoachwa juani. Wenzake bandani walimuuliza kama amebadili sabuni. Mmoja alimwambia apake mafuta. Yeye akajibu kwamba kila tabaka la picha analobandua linaondoka na picha kidogo ya kwake, na kwamba haliumi, linawasha tu.

"Afadhali kuwasha," yule mwenzake akasema, akarudi kwenye chupa zake.

Kampuni ya pakiti ilimtuma mgeni, mama mmoja mpole mwenye buti mpya. Aliketi kwenye ndoo bila kuipangusa, jambo lililowapendeza watu. Alimwomba Mama Mshonaji anyooshe mkono, akaupiga picha kwa mbele na kwa nyuma. Mwezi uliofuata pakiti zikaja zimechapwa mkono huo kwenye pembe, vidole vitano, na kidole gumba chenye ukucha mrefu. Chini yake maandishi: *Pakiti hii hurejelezwa.* Ngumi hakusoma sana, lakini mkono aliujua. Alibandika mmoja ukutani nyumbani.

Sasa malori. Yalikuwa mawili kwa siku, yakawa matano. Mafuta ya kupikia yaliyokuwa yanakuja kwenye kopo yakaanza kuja kwenye pakiti. Dawa ya meno, pakiti. Chumvi, ambayo tangu dunia iumbwe haijawahi kuhitaji fedha tumboni, nayo pakiti. Ngumi alimuuliza dereva wa lori kulikoni.

"Mzee, si wanasema sasa zinarejelezwa? Kila kiwanda kimehamia huko. Msalimie sana mama," dereva akasema, akamwaga.

Elfu ikawa elfu tatu. Mama Mshonaji alibandua mpaka kwenye mapumziko ya chai, kikombe kwenye paja. Ilipoisha rangi ilifuata fedha. Alipotewa na kivuli. Adhuhuri wenzake wote walikuwa na vivuli vyao vifupi chini ya ndoo, yeye hana. Halafu mwanga ukaanza kumpita kabisa. Ngumi akampeleka zahanati. Muuguzi alimpima, na kupitia kifua chake akasoma bango la chanjo lililokuwa ukutani nyuma. Akaandika kwenye karatasi: *Apumzike.* Akagonga muhuri.

Jioni hiyo Ngumi akazificha kucha. Ninasema hivyo kwa sababu sina neno lingine: aliishika mikono ya mkewe yote miwili ndani ya mikono yake, akaikunja kuwa ngumi.

"Acha sasa."

"Nikiacha watachoma."

"Wachome."

Upande wa pili wa pazia binti alikuwa anazungusha cherehani. Cherehani ikaenda, ikaenda, ikafika mwisho wa mshono, ikanyamaza. Walisikia anavuta pumzi, ndefu, mpaka chini, na kuitoa bila kukwama popote.

"Umesikia?" mkewe akamuuliza.

Ngumi akaachia mikono.

Kesho yake alikwenda ofisini. Alivua kofia. Alimwambia msimamizi kwamba mwanamke anakwisha, kwamba malori yapunguzwe, au hao wanaotengeneza watengeneze kitu kisichohitaji mtu kubanduka.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alimpa kiti. "Mzee wangu," akasema, "kwani ni mimi niliyekuja hapa na vipande vimepigwa pasi?"

Ngumi akainuka kwenye kile kiti. Kisha akavaa kofia, akarudi kwenye ndoo yake.

Yule mgeni wa kampuni alituma barua. Binti aliwasomea. Ilisema wanashukuru sana, na kwamba wanatafuta watu wengine wenye kipaji kama hicho, na kwamba wasipopatikana, mkono utaendelea kuchapwa, kwa sababu umependwa.

Mwishoni Mama Mshonaji alikuwa kama maji ndani ya glasi safi. Ulimwona kwa kingo zake tu, alipopita mbele ya kitu. Aliendelea kwenda kazini, na wenzake walimfungia kitambaa chekundu kichwani wasije wakamkalia. Sauti ilimbaki. Jioni alisimama chumbani kwa binti, mbele ya dirisha, akacheka.

"Mwanangu, ulikuwa unaniambia sogea mama, unanizibia mwanga. Haya, leo nazibia nini?"

"Huzibi kitu, mama," binti akasema, na akaendelea kutunga uzi. Alitunga mara nne, sindano haikupokea.

Kabla ya kulala, mkewe alimwambia Ngumi maneno ya kawaida, kwamba sufuria lina ufa, kwamba binti akate tiketi ya zahanati mapema. Halafu akasema, "Usinikunje, baba. Wewe una tabia ya kukunja. Mimi nikikunjwa sitanyooka."

"Sikukunji," Ngumi akasema.

Asubuhi alimkuta amelala bapa juu ya godoro, jani moja la plastiki safi lenye urefu wa mtu, na mikunjo midogo ya usingizi upande aliopenda kulalia. Ngumi aliinama, akasogeza sikio. Hakufinya. Yeye aliyesikiliza pakiti zote za mji, hiyo hakuifinya. Alikaa nayo mpaka honi ya lori la kwanza ikalia, na ya pili.

Bandani kila kitu kina lundo lake. Safi kama huyo angekwenda kwenye lundo la bei ya juu, na msimamizi, kwa nia njema kabisa, alituma mtu kuuliza. Ngumi akamjibu kwamba huyu tayari ana kazi. Akatoa gunia dirishani kwa binti, akapima. Urefu ulizidi, na hakuna aliyethubutu kushika mkasi, hata binti ambaye mkasi ndio maisha yake. Kwa hiyo Ngumi akabomoa matofali mawili ya chini na kulirefusha dirisha. Wakamsimamisha humo bila kumkunja, wakambana kwa mbao nne na misumari midogo, misumari ikipigwa kwenye mbao tu.

Yatima haikungoja msiba. Baada ya siku tatu ilikuwa imefika kwenye kenchi za paa, na siku ya nne waliisukumia shimoni. Moshi ukaja ukutani, ukaruka, ukafika dirishani ukabanwa pale, ukajilaza bapa kama uso wa mtu anayechungulia. Haukuingia. Ndani ya chumba hicho binti anapumua. Akitoka kwenda kuuza, akienda chooni, akikaa barazani na wateja, anatoa pini kwanza, ndipo anakohoa.

Ngumi bado anachambua. Malori sasa ni saba. Ndoo ya pembeni yake ni tupu, na watu wanaizunguka wakipita. Pakiti yenye mkono anaiokota, anaisogeza sikioni, anaifinya, anafungua vidole. Inalia kwarakwara. Inajikunjua kiganjani polepole mpaka vile vidole vitano vinalala juu ya vyake. Anavitazama kidogo, kisha anairusha ukutani, kwenye lile lundo.

Alfajiri lile dirisha hushika ukungu kwa ndani, mahali pamoja tu, kimo cha mdomo wa mama mtu mzima. Binti mara ya kwanza alichukua kitambaa aupanguse. Baba yake akamwambia auache, utakauka wenyewe. Unakauka jua likipanda. Ngumi huwa anasimama hapo mpaka ukauke, ndipo anachukua kofia na kwenda kazini.

Saa kumi wanachoma.