Kadi ya Tatu, Tundu la Saba

Jumanne asubuhi fundi umeme alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la mtambo wa sabuni, akigawa anwani. Kadi mpya za umeme, kila moja na safu yake ya matundu ya nyaya, zilishapangwa kwenye reki, na kila swichi na kila mota sharti iandikiwe yake: kadi ya ngapi, tundu la ngapi. Hesabu inaanzia sifuri. Anayeanzia moja atataka kuwasha taa, awashe pampu. Fundi aliyetangulia aliiogesha mafuta stoo nzima kwa kosa hilohilo, na mpaka leo anabisha.

Kwenye kadi ya tatu, yaani ya nne kwa mtu wa kawaida, taa ya tundu la saba ilikuwa ikiwaka na kuzima. Fundi akapapasa nyuma. Hapakuwa na waya. Akatega sikio, akagundua inawaka kila Shangazi anaposema "Haya!"

Shangazi, kama alivyoitwa na kiwanda kizima, alikuwa kibarua wa mwaka wa kumi na moja. Zamani palikuwa na jicho la umeme la kuona kama mche wa sabuni umefika chini ya kisu. Likafa, akawekwa yeye na kitufe. Mwaka wa nne kitufe nacho kikafa, ila hakuna aliyehangaika kukitengeneza, maana kisu kiliendelea kushuka kila alipotamka neno lake.

Fundi akaandika daftarini: Shangazi, mdomo.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Anwani yako, Shangazi. Kadi ya tatu, tundu la saba."

"Mimi? Nina anwani?"

Shangazi akakalia ndoo. Miaka yote hiyo aliomba ajira ya kudumu, yenye likizo na matibabu, na kila mwaka fomu ilirudi kwa sababu moja: nafasi ya anwani iko wazi. Kichochoro chao hakina jina wala nyumba haina namba. Aliyeirudisha ni karani wa ajira, mtoto wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe na ambaye bado alilala chumba chake cha uani. "Nyumbani ni nyumbani, Shangazi, na ofisini ni ofisini," humwambia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kiliomba hadi ukoko.

Mchana Shangazi akapanda ofisini na fomu. Karani akaisoma, akaigeuza, akauliza kama tundu hilo lina sanduku la posta.

"Huna haya wewe!" Shangazi akafoka.

Huko chini kisu kikashuka. Karani akasubiri kelele zitulie, akagonga muhuri.

Vibarua wenzake wakapiga vigelegele. "Umeula, Shangazi!" Alifurahi mpaka akashindwa kula.

Jibu la makao makuu likaja Ijumaa. Lilitokeza kwenye tundu la saba, limesokotwa jembamba kama utambi, na fundi akalivuta kwa koleo. Liliandikwa kwamba anwani imehakikiwa na ni sahihi. Kwa kuwa imo ndani ya mtambo, mwenye nayo ameondolewa kwenye orodha ya vibarua na kuingizwa kwenye orodha ya vifaa. Kifaa hakina likizo. Kikiugua, aitwe fundi.

Karani akashuka na kibandiko cha namba, akaomba radhi, akambandika begani.

"Imeniuma, mwanangu," Shangazi akasema.

"Pole, Shangazi. Lakini ni ya kudumu. Kifaa hakifukuzwi." Akakohoa kidogo. "Sasa, utaratibu unataka kila kifaa kiwe na cha akiba. Mdogo wako, Shangazi mdogo, bado hajapata kazi?"

"Bado."

"Ana anwani?"

"Si tunakaa naye? Mmepakana ukuta!"

"Basi hana," karani akasema, akitoa fomu mpya. "Mwambie aje Jumatatu. Ataanza kama kibarua."