Narudisha, Iuzwe Tena

Miaka thelathini Paulina alichora kuta za watu kule Zuzu kwa udongo mwekundu, majivu na chokaa, na kila mwaka mvua iliosha alichochora. Hakulalamika. Ukuta ni wa mwenye nyumba, mvua ni ya Mungu. Ila Violeth, binti mwenye ukumbi mdogo wa sanaa karibu na Chimwaga, alipomletea ubao wa mninga na kumwambia, "Mama, chora hapa, huu hautanyeshewa," kitu kilimwingia moyoni kisitoke. Alitaka picha yake moja ikae ndani ya nyumba ya mtu, itazamwe na watu wanaokula.

Alichora ng'ombe saba wakienda kunywa maji. Wa saba alibaki nyuma kidogo, mkaidi, maana kundi lisilo na mkaidi hakuna mfugaji atakayeliamini.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi mchana. Pesa yote ya mauzo ilikuwa ya kununulia pampu ya kisima cha Zuzu, na Paulina alilikubali hilo bila kinyongo. Hakutaka hata senti. Alitaka tu mtu aondoke na picha.

Wa kunadi, Violeth alimwita Nathan, mwinjilisti anayenadi mavuno kanisani. Hapo ndipo alipokosea, lakini nani angemlaumu? Yule bwana anaweza kumnadi kuku mwenye mafua akapata bei ya mbuzi.

"Mbukwenyi!" Nathan akasalimu, na ukumbi mzima ukaitikia. Batiki zikaenda, vyungu vikaenda, ikafika zamu ya ng'ombe. Mzee Damiani, mstaafu wa wizarani, akawashinda wote. Akapokea picha, akaiinua juu. Paulina, kwenye kiti cha nyuma, alikwisha kuitundika akilini: sebule, makochi, ng'ombe wake juu ya televisheni.

"Narudisha!" Damiani akasema. "Iuzwe tena!"

Vigelegele vikapasua paa. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa anaijua desturi hiyo: unanunua boga la sadaka, unalirudisha, linanadiwa upya, sadaka inanenepa. Ni wema mtupu. Lakini aliyelima boga hakuhangaika wiki nzima akitafuta rangi ya jicho lake.

Mhadhiri mmoja akainunua, akairudisha. Kikundi cha akina mama wa kwaya wakachanga, wakainunua, wakairudisha wakiimba. Pampu ikapatikana, na mabomba yake juu. Violeth akaja nyuma mbio, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama, umeona? Picha yako ndiyo imeleta pampu!"

"Nimeona, mwanangu."

Na kweli alikuwa ameona. Watu wameishika mara tatu, na mara tatu wameiachia. Alijionea aibu kuumia kwa jambo jema namna ile, lakini aliumia.

"Haya, nani mwingine?" Nathan akauliza.

"Elfu tano," Paulina akasema.

Watu wakageuka, wakacheka kwa upendo. Hakuna aliyethubutu kumpita.

"Mchoraji mwenyewe!" Nathan akapaza sauti. "Elfu tano mara ya kwanza, ya pili, ya tatu! Mama, unarudisha?"

"Sirudishi."

Paulina akapita katikati ya viti, akalipa, akavua kanga yake ya juu na kuifunga picha taratibu, pembe kwa pembe.

Mzee Damiani alimfuata hadi mlangoni. Alikuwa mtu mwema, na sasa alikuwa ameelewa.

"Mama, nisamehe. Ile ni desturi yetu tu. Mimi picha niliipenda tangu nilipoingia. Niuzie, sema bei yoyote."

Paulina akamtazama, hakuwa na hasira naye hata kidogo.

"Ulikuwa nayo mkononi, baba," akasema.