Nyungo Mbili na Mchi

Mama hakutaka mkwe kutoka ng'ambo ya mfereji. Alisema watu wa kule ni wavivu, na mama akishasema jambo, hata nyati huacha kutafuna. Prajak, aliyetaka kunioa, akaniuliza mama amepungukiwa na nini jikoni. Nikamwambia nyungo zimeliwa na mchwa na mchi umepasuka. Yeye ni msusi wa vikapu. Akasuka nyungo mbili za mwanzi, akachonga mchi wa mkwaju, na alasiri moja akaondoka kwao kuja kumkabidhi mama na kuomba ruhusa ya kuleta wazee wake.

Mvua ikamkuta katikati ya mashamba ya mpunga. Tuta la kupitia likilowa huteleza kama sabuni, na mtu huhitaji mikono yote miwili ili asianguke. Basi Prajak akafunga ungo mmoja kwenye kila bega kwa kamba, akachomeka mchi kwenye mshipi kwa nyuma, akaendelea na safari. Upepo ukaja. Nyungo zikaanza kupigapiga.

Jirani yetu, Shangazi Chaluai, ndiye aliyemwona kwanza. Kwetu hakuna mtoto asiyemjua krahang, mwanamume aliyezama katika uchawi mpaka akaweza kuruka: nyungo ndizo mbawa zake, mchi ndio mkia. Tena wiki ile kuku wa shangazi walikuwa wamepotea. Akapiga sufuria. Prajak alipofika uani kwetu, majirani walikuwa wamemzunguka na majembe, na mama yuko mbele yao na tawi la mwanzi wenye miiba.

Prajak akaeleza kwamba ni zawadi. Shangazi akamjibu kuwa hata mwizi hukiita zawadi alichobeba. Kisha akanigeukia, kwa huruma kabisa, akanikumbusha kwamba mke wa krahang huwa krasue, kichwa kinatembea chenyewe na matumbo yananing'inia, kwa hiyo nianze kuzoea.

"Mama, huyu ni msusi tu," nikasema.

"Kama ni msusi tu, hajui kuruka," mama akasema. "Apande juu ya ghala, tumwone. Akiruka, aende zake moja kwa moja. Akianguka, tutazungumza."

Ghala letu limesimama juu ya nguzo, na kando yake kuna dimbwi wanamolala nyati wa kulimia. Prajak akapanda mpaka kwenye paa. Mimi nikapiga magoti matopeni, nikaunganisha viganja, nikamwomba Bwana Buddha, kisha nikawaomba na mizimu inayolinda uwanja wetu. Sikuwa nimewahi kumwombea mtu aanguke, na siku ile niliomba kwa moyo wangu wote. Nilipokaribia kumaliza nikakumbuka kuongeza: asivunjike.

Akanyoosha mikono, akajirusha. Upepo ukazijaza nyungo, na naapa alikaa hewani kidogo. Shangazi akafumba macho. Mimi nikaanza kuwaza nitavaa nini nikiwa kichwa tu. Halafu Prajak akashuka kama gunia la mpunga, nyati wakatawanyika, na matope yakatupaka sote, wenye majembe na wasio na majembe.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya ghala.

"Krahang gani huyu, Chaluai? Bata wangu anamshinda."

Shangazi, ambaye nadhani alisikitika kidogo, akasema huenda ni mwanafunzi tu, bado hajahitimu.

Mama akamvua Prajak nyungo, akazisuuza kwa maji ya mtungi, akapitisha kidole ukingoni pole pole, akazunguka wote. Baada ya kuanguka kote kule, hakuna hata ufito mmoja uliochomoka. Akarudia upande wa pili. Mimi bado nilikuwa nimepiga magoti.

"Mvivu hasuki hivi," akasema. Akamtazama Prajak, aliyekuwa akitoa tope sikioni. "Haya, baba. Waambie wazee wako waje kuposa. Ila waje kwa miguu."