Likizo ya Daktari Anyitike

Mwaka 1994 wafanyakazi wa hospitali yetu mjini Dodoma walinichagua kuwa mjumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi, mimi karani wa masijala. Walisema Evodia ana maswali mengi. Si uongo, jambo nisilolielewa huninyima raha.

Na jambo la namna hiyo nililikuta kwenye jalada la Daktari Anyitike, daktari pekee wa upasuaji tuliyebaki naye. Kila Juni alijaza fomu ya likizo. Kila Juni fomu ilirudi bila kibali, kwa sababu nafasi ya jina la atakayekabidhiwa kazi ilikuwa tupu. Miaka mitatu sasa. Wiki ile alikuwa amesinzia amesimama wodini, kipimo chake cha mapigo ya moyo kikiwa kifuani mwa mzee mmoja wa Kigogo, na mzee akatulia tuli robo saa nzima asije akamwamsha. Wauguzi walicheka. Mimi niliogopa, maana Alhamisi alikuwa na wagonjwa wanne wa kupasua.

"Shikamoo mzee," nilimwambia Katibu wa Hospitali, Mzee Nikodemo. "Kwa nini mnamnyima Daktari likizo?"

"Marahaba. Hatumnyimi. Alete jina la daktari yeyote mwenye leseni."

Nikapanda baiskeli hadi Kizota, kwa Daktari Optatus, mpasuaji mwenzake aliyeacha kazi kwetu serikali iliporuhusu zahanati za watu binafsi. Nilidhani nitambembeleza. Kumbe yeye ndiye aliyeshangaa.

"Kila mwaka namwambia aandike jina langu, nimshikie siku zote ishirini na nane. Anakataa mwenyewe."

Nilirudi na hasira na hamu ya kujua, vyote pamoja. Mtu aombe likizo, kisha aizuie yeye mwenyewe? Nilimkuta akinawa mikono. Nikamwekea mezani fomu mpya, yenye jina na sahihi ya Optatus.

"Daktari, mficha maradhi kifo humuumbua. Unaogopa nini?"

Akajifuta mikono taratibu mno.

"Dada Evodia, kila Juni najaribu. Nikifika pale kwenye jina, najua kabisa kwamba nikilala siku tatu kwa mama yangu Tukuyu, hapa sitarudi tena."

Nilifikiria wagonjwa wanaoletwa kutoka Mpwapwa na Hombolo, na moyo ukaniuma, kwa sababu nilimwamini. Nikamsogezea kalamu.

"Basi usirudi, Daktari. Lakini nenda."

Akatia sahihi, kisha akaniuliza basi la Mbeya huondoka saa ngapi.