Wewe ni Mwana wa Nani?

Mokeira hakuwa mtu wa sherehe. Penye watu zaidi ya watano sauti yake ilirudi ndani kama konokono aliyeguswa pembe. Kanisani Nyanchwa, kila walipompangia kusoma matangazo, alibadilishana zamu na mwenzake, akafagia kanisa zima peke yake, tena kwa furaha. Lakini Jumapili ile alipiga pasi gauni lake la bluu mapema, akalitundika mlangoni, na alipolitazama alijua kwamba atakwenda.

"Kweli unakuja?" aliuliza Ashley, aliyeishi naye chumba kimoja. Alikuwa mbele ya kioo, mdomo wa juu umepakwa rangi, wa chini bado. "Utafanya nini huko? Utahesabu miti?"

"Nitakunywa soda."

"Soda zipo hata hapo dukani kwa Celestine."

"Hizo za dukani hazina wewe ndani yake."

Ashley alicheka, lakini Mokeira hakucheka. Linet, rafiki yao, alikuwa amepandishwa cheo katika duka la vitambaa mjini, na aliwaalika kula nyama katika hoteli moja yenye bustani, kando ya barabara ya Nyamira. Hilo halikuwa na ubaya. Ubaya, kwa hisia za Mokeira, ulikuwa Masese, mteja mkubwa wa duka lile, ambaye alijitolea kugharimia mbuzi mzima. Alikuwa amemwona Ashley mara mbili tu dukani, na tayari alikuwa amemwahidi kazi ya mapokezi katika hoteli ya rafiki yake Kisumu.

"Mtu hatoi kazi kwa sababu ya kuonana mara mbili," Mokeira alikuwa amemwambia.

"Na kazi haitanifuata humu chumbani," Ashley alikuwa amejibu, na hapo yakaisha.

Basi kabla hawajatoka, Mokeira alipiga magoti kando ya kitanda. Nyumbani kwao Itumbe, mama yake hakumruhusu mtoto kuvuka lango kwenda kwenye mkusanyiko bila kuombewa, hata kama mkusanyiko wenyewe ulikuwa wa kuchuma chai kwa jirani. "Bwana," alisema, "unajua sitaki kwenda. Lakini Ashley anakwenda, na nilimwahidi nyanya yake. Ututangulie. Ukae nasi mezani. Uturudishe sote wawili kabla ya giza."

"Amina," alisema Ashley, mdomo wa chini ukiwa bado haujapakwa rangi.

Ahadi hiyo ilikuwa imetolewa mwezi wa Aprili huko Nyamarambe, kwao Ashley. Joash, baba yake Ashley, alifariki Ashley akiwa bado ananyonya. Mama akamchukua, akaenda kumlea Nakuru kwa ndugu zake, na Ashley akarudi Kisii mwaka huu tu, baada ya chuo, kutafuta kazi. Walipomtembelea nyanya Bochaberi, bibi kizee aliwazungusha nyuma ya nyumba, penye makaburi kati ya migomba, akawataja waliolala pale mmoja mmoja. Huyu ni Omosa, aliyeanzisha boma. Huyu ni Ombati wake, mume wangu. Huyu ni Joash wangu. Na ndugu yake Ombati, Onyiego, alihamia karibu na soko akajenga kinu cha posho, akazikwa hukohuko. Kisha alimshika Mokeira mkono.

"Huyu wangu amekulia ugenini, hajui watu wake. Wewe umekulia nyumbani. Ukiona mwanamume anamchekea, muulize kwanza: wewe ni mwana wa nani? Mwema hujibu upesi. Mwenye njama hutafuta maneno."

"Nitamuuliza, magokoro," Mokeira alisema, akimwita nyanya kwa Kikisii. Alisema hivyo kwa kuwa ni vigumu kumkatalia mzee aliyekushika mkono. Hakujua atauliza kwa sauti ipi.

Bustani ya hoteli ilikuwa nzuri, bila shaka. Majani yalikuwa yamekatwa vizuri, vibanda vya makuti vimepangwa chini ya miti, na moshi wa nyama ulikuwa ukipanda pole pole. Linet aliwakumbatia kwa kelele. Kulikuwa na wasichana wa duka, na Lewis, rafiki yake Masese, mtu wa utani. Masese mwenyewe alikuwa amekaa mwisho wa meza, miaka arobaini na kitu, shati jeupe, saa kubwa, sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Mwalimu!" alimwita Mokeira, ambaye alifundisha chekechea. "Hutaki hata chai?"

"Nyumbani hatunywi chai."

"Nyumbani ni wapi?"

"Itumbe."

Meza nzima ilicheka. "Itumbe!" Lewis alisema. "Kwenye kiwanda! Baba yako anachuma majani chai?"

"Kila asubuhi isipokuwa Sabato."

"Na hanywi?"

"Anasema anayajua toka yakiwa machanga."

Walicheka tena, safari hii pamoja naye, na Mokeira akahisi uso ukimchoma. Alichagua soda, akaifungua mwenyewe, na hakuitoa mkononi. Alipokwenda kunawa alikwenda nayo.

"Unaogopa tutakuroga?" Masese alimuuliza.

"Naogopa nzi," alisema Mokeira.

Ashley aliomba juisi ya maembe. Masese aliinuka akaifuata mwenyewe kaunta, akarudi nayo kwenye bilauri ndefu. Baadaye akafuata nyingine. Wakala mbuzi kwa ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, na Linet akaombewa dua na mwenzake wa dukani, na akalia kidogo kwa furaha. Ilikuwa sherehe njema. Mokeira alianza kujiuliza kama hakumhukumu mtu bure.

Kisha akamwona Ashley akicheka kitu ambacho hakuna aliyekisema. Kichwa kilikuwa kimemlemea, akakiegemeza kwenye kiganja, na maneno yake yalikuwa yakitoka yakiwa yamelegea pembeni. Ashley hakunywa pombe. Hakuwahi.

Masese alitazama saa yake, akasimama. "Ashley, twende. Rafiki yangu wa hoteli anatusubiri Kisumu. Utaona mahali pa kazi, ulale huko vizuri, kesho nikurudishe."

"Leo?" Linet aliuliza.

"Kazi haingoji, Linet."

Ashley alisimama akayumba. Masese akamshika kiuno, kama kumsaidia tu.

Mokeira alivuta bilauri ya Ashley, akainusa. Chini ya utamu wa maembe kulikuwa na harufu kali, ile ya spiriti ya kusafishia kidonda. Aliwatazama watu wote waliokuwa mezani, konokono akarudi kwenye kombe lake. Alijua akinyamaza wakati huu, gari litaondoka, na usiku ule hakuna mtu wa kumkinga Ashley na chochote. Bwana, nipe sauti, aliomba, si ya kuimba, ya kuuliza tu.

Alisimama mbele yao. "Samahani, Bwana Masese. Wewe ni mwana wa nani?"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Meza ya pili nayo iligeuka.

"Nini?"

"Unaondoka na mwenzangu. Nauliza, wewe ni mwana wa nani?"

Masese alicheka. "Mimi ni mwana wa Mungu, Mwalimu, kama wewe."

Wengine walicheka. Mwenye njama hutafuta maneno. Mokeira hakuondoka njiani.

"Mungu namjua. Nauliza baba yako."

"Mjibu mtoto wa watu, bwana," alidakia Lewis huku akimung'unya mfupa. "Ama uliokotwa?"

Safari hii kicheko kilimwangukia Masese, naye hakukizoea. Alijinyoosha. "Niokotwe! Mimi ni Masese wa Onyiego, wa Omosa. Uliza Nyamarambe nzima kinu cha posho ni cha nani."

Mokeira aliona makaburi kati ya migomba, wazi kama yako mbele yake.

"Ashley," alisema polepole, "babu yako aliitwa nani?"

"Si unamjua," Ashley alilalamika. "Ombati."

"Ombati wa nani?"

"Wa Omosa. Mokeira, kichwa kinaniuma."

"Na baba yako?"

"Joash."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Masese ulitoka kiunoni mwa Ashley kama uliogusa sufuria ya moto. Alirudi nyuma hatua, kiti kikaanguka.

"Joash wa Ombati?" alisema. "Nilibeba jeneza lake. Alikuwa na mtoto mchanga, walimpeleka..."

"Nakuru," Mokeira alisema. "Ndiye huyu."

Kila aliyekaa pale alielewa. Katika Gusii, ndugu wa baba yako, hata akiwa mtoto wa baba yake mkubwa au mdogo, ni baba yako. Kati yake na wewe kuna ensoni, haya na heshima ya mzazi na mwana, ambayo hata mlevi huiogopa. Kwa desturi mtu angeuliza ukoo kabla ya kuuliza namba ya simu. Masese alikuwa amekaa mjini muda mrefu, akaona jina la Ashley linamtosha.

"Msalimie tata, Ashley," alisema Mokeira, akimwita baba kwa Kikisii. Kisha akaisogeza bilauri hadi mbele ya Masese. "Na humu, tata, ulimtilia binti yako nini?"

Masese aliisukuma bilauri kando. Hakumtazama Ashley tena, wala asingeweza.

"Hapo kondoo wa kutakasa atachinjwa mbele ya wazee," Lewis alinong'ona, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa akitania.

Linet alikuwa ameshamkalisha Ashley na kumnywesha maji. Masese alipata sauti mwishowe, sauti ndogo. "Nitawapeleka nyumbani."

"Hapana. Tutapanda boda." Mokeira alikuwa anashangaa kwamba maneno bado yapo. "Wewe nenda Nyamarambe. Bochaberi yuko hai. Umweleze mwenyewe kabla ya Sabato. Usipoenda wewe, nitaenda mimi."

Linet naye, akiwa amekunja uso, aliirudisha bilauri kaunta akataka kujua ni nani aliyeuza kilichotiwa ndani yake.

Boda iliwafikisha chini ya kilima cha Nyanchwa tu, maana Ashley alihitaji kushuka atapike. Mokeira alimshikia nywele. Jua lilikuwa bado juu ya migomba, na kutoka kanisani walisikia kwaya ikijifunza wimbo, ikirudia ubeti uleule, wa sauti ya pili wakikosea palepale.

Walipanda kilima taratibu.

"Na kama asingekuwa ndugu?" Ashley aliuliza.

"Ningekaa kwenye mlango wa gari."

"Wewe? Unayeogopa kusoma matangazo?"

"Mimi."

Ashley alitembea kidogo, machozi yakimtoka bila kelele. "Nilikuona mshamba, ulivyozunguka na hiyo soda."

"Niliona kuwa umeniona."

"Nifundishe tena yale majina. Ya nyuma ya nyumba."

"Omosa," Mokeira alianza.

"Omosa. Akamzaa Ombati."

"Na Onyiego."

"Na Onyiego, wa kinu." Ashley alipangusa uso. "Ombati akamzaa Joash. Joash akanizaa mimi."

Aliyarudia hadi mlangoni, akikosea, akianza upya, kama kwaya. Ndani, kabla ya kuwasha taa, walipiga magoti kando ya kitanda kilekile. Kulikuwa bado na mwanga wa kutosha wa kuonana.

"Bwana," alisema Mokeira, "tumerudi sote wawili."

"Amina," alisema Ashley, kabla mwenzake hajamaliza.