Chaji Iliyotulia na Mama Mkwe

Nampenda mama mkwe wangu, hasa akiwa kwake. Alipotangaza kwamba anahamia kwetu, tena kwenye chumba changu cha kusomea, nilimwambia mume wangu waziwazi kuwa mmoja wetu lazima amkatalie. Sote wawili ni walimu wa fizikia, na sote ni waoga. Basi tukawekeana dau: kila mtu atafute uga wa umeme na sumaku, yaani nguvu inayoenea pande zote, wa chaji ya umeme inayokimbia huku ikizidisha kasi. Atakayechelewa ndiye atakayempigia mama simu.

Mume wangu, ambaye namwita Bwana Kokotoa, aliivamia hesabu kwa nguvu. Kila mahali chaji ilipopita aliifuata nyuma, akajaza karatasi hadi zulia halionekani. Mimi mbio hizo sina. Nilichukua chaji iliyokaa kimya, ambayo uga wake hata mwanafunzi mvivu anaujua, kisha nikaigeuza nafasi yenyewe pamoja na wakati: cha karibu kikaenda mbali, cha mbali kikaja karibu. Sheria za umeme haziudhiki na mageuzi hayo. Njia ya chaji ikapinda, chaji ikatimua mbio, na uga wake ukaja tayari umeshaiva. Nikamenya chungwa.

"Umeiba," alisema, akichungulia karatasi yangu. "Hapa chaji ziko mbili. Hii hasi imetoka wapi?"

"Imezaliwa na yale mageuzi. Iko upande wake, na chaji hizi mbili hazitakutana kamwe. Nusu ile tunaitupa."

"Unatupa nusu ya ulimwengu hivi hivi?"

"Naam. Piga simu."

Alipiga, akafungua spika ili nishuhudie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mizigo nimeshafunga."

Alinitazama, akaitazama karatasi yangu, kisha uso wake ukang'aa kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Mama, usijisumbue. Wewe tulia hapohapo. Tutahamia sisi."

Nikamrushia ganda la chungwa.

"Na mkeo amekubali?" mama aliuliza.

"Hesabu ni yake, mama: aliyetulia anabaki palepale, kinachogeuzwa ni nafasi."

"Mpe simu nimshukuru."

Niliipokea nikiwa nimejaa hasira hadi masikioni, nikiwa na maneno yangu tayari. Mama alikuwa analia kwa furaha. Nikamuuliza kama ana ukuta wenye nafasi ya kutundika ubao wangu wa hesabu.