Picha ya Pete Sina

Mimi nina hasira za karibu, na kinachonikasirisha kuliko vyote ni sura ya kuagizwa. Mtu anacheka vizuri na shangazi yake, akiona kamera tu anakakamaa kana kwamba ameitwa polisi. Miaka tisa sasa napiga picha za harusi, kutoka Pasiansi mpaka Nyegezi, na jambo hilo sijalizoea.

Kashindye alipokuja studio kwangu hakuuliza albamu ina kurasa ngapi. Alitoa bahasha, akapanga mezani picha saba za baba yake, Mzee Shimba. Ubatizo wa wajukuu, kipaimara, msiba wa mkewe, zote sura moja: kofia mkononi, kifungo cha shingoni kimefungwa, macho yamekaza.

"Dada Dorcas, baba yangu siyo huyu," alisema. "Baba anacheka mpaka anakohoa. Baba analia akisikiliza redio. Nikishaolewa naenda Songea, na kutoka Songea kuja huku siyo mchezo. Nitafutie picha yake moja tu ya kweli. Nyingine piga unavyotaka."

Nikamwahidi, tena kwa kujiamini sana.

Kanisa lenyewe ni la mawe, la tangu enzi za wamisionari, ukipita Mkolani na kushuka kuelekea ziwani. Kuta nene, madirisha membamba, na mwanga wake wa asubuhi naupenda kupita kiasi. Nisichokipenda ni masharti ya Padri Chenge: wageni wazime simu, mpiga picha awe mmoja, na akishatoka nje ibada ikiendelea harudi ndani mpaka wimbo wa mwisho. Nilimwita mkoloni, kimoyomoyo.

Jumamosi hiyo nilijibanza nyuma ya nguzo, lenzi ndefu nimeielekeza benchi la mbele alipokaa Mzee Shimba. Alinigundua kabla hata ya somo la kwanza. Akafunga kifungo, akakaza macho. Nikasonya, kisha nikakumbuka niko wapi.

Padri akawaita maharusi wasimame kwa ajili ya kiapo. Nikamgeuzia mzee lenzi. Nafasi yake ilikuwa tupu.

Nilijua alikokwenda. Kashindye alishanisimulia kwamba baba yake amepiga kengele ya kanisa lile miaka thelathini na moja, na pale kengele hulia mara tu maharusi wanapovalishana pete. Leo, kwa kuwa ni baba wa bibi harusi, zamu alipewa mwingine, naye akakubali. Akakubali! Mzee yule wa kukubali?

Pete zilikuwa tayari kwenye kisahani, na mlango wa pembeni ulikuwa hatua sita kutoka nilipo. Kurudi na harusi isiyo na picha ya pete ni aibu ya kumfungisha mtu studio. Lakini nilikuwa nimeahidi. Nikatoka, mlango ukafungwa nyuma yangu.

Mwenye zamu nilimkuta nje, ameketi juu ya jiwe. Alikuwa amefukuzwa. Akaninyooshea kidole mlango wa mnara.

Ndani ni chumba kidogo chenye kidirisha kinachofungukia kanisani. Mzee Shimba alisimama na kamba ya kengele mkono mmoja, sikio kalibandika kwenye kidirisha. Kofia iko kichwani, shati liko wazi shingoni. Sauti ya Kashindye ilitufikia, ndogo, inatetemeka, na kila neno alilolisema baba yake alilitamka pamoja naye bila sauti. Katika taabu na raha. Katika magonjwa na afya. Hapo midomo ilimcheza, machozi yakashuka, naye akaendelea. Alimuuguza mke wake miaka minne kabla ya kumzika, na maneno hayo alimwapia humo humo kanisani. Nilimpenda yule mzee papo hapo.

Nikapiga. Moja tu.

Akageuka. Nikangoja akimbilie kifungo.

"Shikamoo, baba," nilisema, kama mwizi aliyekamatwa.

"Marahaba. Wanavalishana pete hao?"

"Ndiyo, baba," nilijibu, maneno ya pete yakisikika kidirishani.

"Basi vuta wewe, mwanangu. Mimi mikono imeniishia nguvu."

Nikaweka kamera sakafuni, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikaikamata kamba. Kengele ikalia ovyo, mbili za haraka, ya tatu ikachelewa. Mzee Shimba alicheka mpaka akakohoa, machozi bado yako mashavuni. Kicheko hicho sikukipiga, mikono yangu ilikuwa na kazi.

Baada ya misa aliniita mbele ya kanisa nimpige "picha ya maana". Kofia mkononi, kifungo juu. Nikampiga, ikawa ya nane.

Kashindye alinifuata kabla hajapanda gari. "Nionyeshe," alisema. Nikamfungulia. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso, nami nikaanza kujitetea.

"Mdogo wangu, kuna jambo. Picha ya pete sina. Nilitoka nje. Nisamehe sana."

Hakuinua macho.

"Pete naenda nayo Songea, dada," alisema. "Baba ndiye anayebaki."